Ukuta wenye mabonde: Ujue ugonjwa wake kabla ya kumwita fundi lipu

MCHANA ukuta wa sebule huonekana umenyooka. Usiku, taa ya pembeni inapowashwa, vivuli hujitokeza na kufichua kila kibonde na kila kinundu. Ndipo familia nyingi za Dar es Salaam na miji mingine hutambua kwamba rangi mpya iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haikuficha kitu, bali imeyafanya makosa ya zamani yaonekane zaidi, hasa kama ni rangi ya mafuta yenye kung'aa.

Uamuzi unaofuata kwa kawaida huwa mmoja: atafutwe fundi lipu aje aunyooshe ukuta. Kazi yenyewe huonekana ndogo. Ni ukuta mmoja, fundi mmoja na msaidizi wake, siku mbili au tatu tu. Kwa sababu hiyo mapatano hufanywa kwa mdomo mlangoni, bei hutajwa kwa kukadiria kwa macho, na nusu ya fedha au zaidi hutolewa siku hiyo hiyo.

Matokeo yake yanafahamika mitaani. Miezi michache baadaye lipu hutoa nyufa kama utando wa buibui, rangi huvimba karibu na sakafu, au kipande kizima hubanduka na kuanguka nyuma ya kochi. Simu ya fundi wakati huo haipokelewi. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi, akipatikana, huulaumu ukuta. Mara nyingi kila mmoja huwa na sehemu yake ya ukweli, kwa kuwa hakuna aliyeuchunguza ukuta kabla kazi haijaanza.

Mabonde hutoka wapi

Nyumba nyingi za mijini hujengwa kidogo kidogo, kadiri fedha inavyopatikana. Msingi huwekwa mwaka huu, kuta mwaka ujao, na lipu baada ya familia kuwa imekwisha kuhamia. Katika safari hiyo ndefu mafundi hubadilika, na matofali hununuliwa kwa wafyatuaji tofauti ambao vipimo vyao havilingani. Tofali moja likitokeza sentimita moja mbele ya jingine, fundi lipu hulazimika kulifunika kwa lipu nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Chanzo cha pili ni haraka. Lipu iliyopigwa bila timazi, bila uzi na bila ubao mrefu wa kunyooshea hufuata jicho la fundi, na jicho hudanganya. Chanzo cha tatu ni viraka: ukuta ukishachimbwa ili kupitisha mabomba ya umeme au maji, mfereji huo huzibwa baadaye na mtu asiye mwashi, na huacha mstari wa kinundu kutoka kwenye swichi hadi darini.

Vyanzo hivyo vitatu ni vya sura tu, na tiba yake ni kunyoosha. Kipo chanzo cha nne ambacho ni ugonjwa hasa, nacho ni maji. Nyumba ambayo haikuwekewa kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta hunyonya maji kutoka ardhini. Maji hayo hupanda ndani ya matofali yakiwa yamebeba chumvi, na yanapokauka juu ya ukuta chumvi hubaki, ikavimbisha rangi na kuifanya lipu iwe kama unga. Mchanga wa baharini uliotumika kujengea bila kuoshwa huleta chumvi ya namna hiyo hiyo. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, au bafu lililo upande wa pili, huleta unyevu wa namna yake.

Ukuta wa namna hii ukipigwa lipu mpya bila kutibiwa chanzo, kazi hupendeza kwa msimu mmoja tu. Masika yakija, madoa hurudi palepale yalipokuwa.

Uchunguzi wa nusu saa

Mwenye nyumba hahitaji utaalamu mkubwa ili kuujua ukuta wake. Usiku, taa kuu izimwe na tochi ishikwe ikiwa imegusa ukuta, mwanga wake ukipita sambamba nao. Kila kinundu kitatoa kivuli, nacho kizungushiwe chaki. Kisha uchukuliwe ubao ulionyooka au bomba la alumini lenye urefu wa mita 2, uegemezwe ukutani kwa kulala, kusimama na kukingama, na mwanya mkubwa kuliko yote upimwe kwa rula.

Hatua inayofuata ni kugonga. Ukuta ugongwe polepole kwa kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi. Lipu iliyoshikana na tofali hutoa sauti nzito na ya kujaa. Iliyoachana nalo hutoa sauti ya uwazi, kama debe tupu. Sehemu hizo nazo ziwekewe alama, kwa sababu hazifai kufunikwa, zinapaswa kubomolewa.

Mwisho ni nyufa. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika bila mpangilio, kwa kawaida ni za lipu kusinyaa wakati wa kukauka. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, ulio mpana upande mmoja kuliko mwingine, au unaotokea pia upande wa pili wa ukuta, huashiria kwamba jengo linatembea. Huo si wa fundi lipu. Anayepaswa kuitwa kwanza ni mhandisi au fundi mkuu mwenye uzoefu wa misingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa uliozibwa kabla ya kujulikana chanzo chake hufunguka tena.

Lipu au skimu

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua aina ya kazi. Ikiwa mwanya chini ya ubao hauzidi milimita 2 au 3, ukuta hauhitaji lipu mpya. Unachohitaji ni kile mafundi wanachokiita skimu, yaani tabaka jembamba la unga laini wa saruji nyeupe au wa jasi, linalopakwa mara mbili au tatu na kusuguliwa kwa msasa hadi liwe laini.

Mabonde yakiwa ya sentimita moja au zaidi, skimu haifai. Unga huo haukutengenezwa kwa ajili ya kujaza mashimo. Ukirundikwa kwa unene hupasuka au hubanduka. Hapo inatakiwa lipu ya saruji na mchanga kwanza, kisha skimu juu yake ikiwa familia inataka ulaini wa kioo. Fundi anayeahidi kunyoosha ukuta wenye mabonde makubwa kwa skimu pekee, kwa bei nafuu na kwa siku moja, anauza sura ya wiki chache.

Aidha, skimu ya jasi haipatani na maji. Katika ukuta wenye unyevu, au unaopakana na bafu, jasi hulainika na kuvimba. Mahali pa namna hiyo unga wenye asili ya saruji ndio unaofaa, na hata huo usubiri hadi chanzo cha maji kizibwe.

Nyumba za kale za pwani zina sharti lao. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na za majengo ya zamani ya Bagamoyo na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hupumua: unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Zikifunikwa kwa lipu ngumu ya saruji, maji hufungiwa ndani na huanza kuila chokaa ya zamani, hadi lipu mpya ikabanduka pamoja na uso wa ukuta. Anayeishi katika nyumba ya aina hiyo anahitaji fundi anayejua kazi ya chokaa, na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, awasiliane kwanza na mamlaka ya hifadhi.

Kumpata fundi

Mafundi wengi wa lipu walijifunza ufundi wao kazini, wakianza kama wasaidizi wa kubeba ndoo na kuchanganya mchanga. Kutokuwa na cheti hakumfanyi mtu kuwa fundi mbaya. Hata hivyo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha uashi katika vyuo vyake, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliopata ujuzi mitaani. Mwenye cheti hicho anastahili kupewa uzito wake.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko cheti ni kazi iliyokwisha kufanyika. Hapa familia nyingi hukosea kwa kuomba kuonyeshwa ukuta uliomalizika wiki iliyopita. Lipu yoyote hupendeza katika wiki yake ya kwanza. Ukuta wa kuombwa ni ule uliokaa mwaka mmoja au zaidi na kupita masika. Mwenye nyumba husika aulizwe mambo matatu: je, zimetokea nyufa, je, fundi alimaliza kwa fedha ileile aliyopatana, na je, alipoitwa kurekebisha alikuja?

Maswali ambayo fundi mwenyewe huuliza nayo hufunua mengi. Anayefika akauliza kuna nini upande wa pili wa ukuta, akaugonga, na akatoa uzi wa kupimia, amekwisha kuonyesha ufundi wake. Anayesimama mlangoni na kutaja bei bila kuugusa ukuta atalazimika ama kuomba nyongeza katikati ya kazi, ama kupunguza saruji ili asipate hasara.

Mapatano yaandikwe

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Karatasi moja ya daftari, iliyotiwa saini na pande mbili mbele ya shahidi, hutosha kwa kazi ya ukuta mmoja. Ndani yake yaandikwe: ukuta upi na una ukubwa gani, kama lipu ya zamani itabomolewa au la, nani ananunua vifaa, nani anamlipa msaidizi, nani anaondoa kifusi, siku za kazi, jumla ya malipo, na kipimo cha kupokelea kazi. Kipimo hicho kinaweza kuwa rahisi: ubao wa mita 2 ukiegemezwa popote, mwanya usizidi milimita 3.

Malipo ya kutwa humfanya fundi asikimbizane na muda, ila yanaweza kuirefusha kazi. Malipo ya kazi nzima hummaliza mwenye nyumba wasiwasi wa siku, ila humshawishi fundi kuharakisha. Njia ya kati ni kupatana kwa kazi nzima na kulipa kwa mafungu: fungu la kwanza fundi anapoanza, la pili lipu inapokuwa imepigwa na kupimwa, na la mwisho baada ya siku 7 za kumwagilia na ukaguzi. Malipo kwa njia ya simu yana faida ya kuacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi.

Uadilifu huo una pande mbili. Fundi wa mtaani hana mshahara wa mwezi. Fungu la mwisho linalocheleweshwa bila sababu ni chakula cha watoto wake, na msaidizi wake hulala bila ujira. Mwenye nyumba anayebadilisha mawazo na kuongeza ukuta wa pili katikati ya kazi naye aandike nyongeza hiyo na kuilipia. Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza huwa usuluhishi mbele ya viongozi wa serikali ya mtaa, na usipopatikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo ya namna hiyo. Mpangaji naye akumbuke kwamba ukuta si wake: apate ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla hata tindo haijagusa lipu.

Hesabu ya saruji na mchanga

Kuikubali orodha ya vifaa bila kuihakiki ndilo tundu kubwa la kupotezea fedha. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ukuta wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 12. Katika ukuta huo kila milimita moja ya unene ni lita 12 za mchanganyiko. Lipu ya milimita 15 ni lita 180. Kwa kuwa mchanga na saruji vikishachanganywa na maji hupungua ujazo, vifaa vikavu vinavyohitajika ni takriban theluthi moja zaidi, yaani lita 234 hivi.

Kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga tano, lita 39 zitakuwa saruji na lita 195 mchanga. Mfuko wa kilo 50 una lita zipatazo 35. Kwa hiyo ukuta huo unakula mfuko mmoja na kidogo juu yake, pamoja na ndoo 10 za lita 20 za mchanga. Ukihesabu kinachodondoka, mifuko miwili inatosha. Mabonde yakilazimisha wastani wa milimita 25, mahitaji hupanda hadi karibu mifuko miwili kamili na ndoo 16 za mchanga. Orodha yenye mifuko mitano inahitaji maelezo.

Hesabu hiyo hiyo hufichua udanganyifu wa upande mwingine. Kwa uwiano wa moja kwa tano, mfuko mmoja huchanganywa na ndoo 9 hivi za mchanga. Fundi anayemimina ndoo 15 kwa mfuko mmoja anatengeneza lipu itakayochubuka kwa kucha. Wala kuongeza saruji kupita kiasi si dawa: lipu yenye saruji nyingi mno husinyaa kwa nguvu na kupasuka.

Mchanga uwe msafi na uchekechwe. Kiganja kikiusugua na kubaki na tope, mchanga huo una udongo mwingi. Kipimo kingine ni kuutia kwenye chupa ya kioo yenye maji, kutikisa na kuiacha itulie: mchanga huzama kwanza na tope hukaa juu yake kama tabaka la pili. Tabaka hilo likiwa nene, mchanga urudishwe. Saruji nayo iwe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mfuko usiwe na mabonge magumu, kwa kuwa hayo ni dalili kwamba imekwisha kunyonya unyevu.

Siku ya kazi

Kabla ya kubomoa chochote karibu na soketi, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Samani zitolewe au zifunikwe, na milango ya vyumba vingine ifungwe. Vumbi la lipu ya zamani hudhuru mapafu, hivyo fundi na msaidizi wavae barakoa. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Zisisuguliwe kwa msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi na macho, na maji safi ya kunawa yawe karibu.

Lipu ya milimita 15 katika mita za mraba 12 ina uzito wa kilo zipatazo 360. Uzito huo wote unashikiliwa na mshikamano wake na ukuta, na ndiyo maana maandalizi ni nusu ya kazi. Sehemu zenye sauti ya uwazi zibomolewe hadi kwenye tofali. Rangi ya zamani itolewe au ukuta utobolewe vidonda vidonda kwa tindo ili lipu ipate pa kushika. Vumbi lisafishwe, ukuta uloweshwe bila kuachwa ukitiririka, kisha upakwe uji wa saruji na lipu ipigwe kabla uji huo haujakauka.

Fundi makini huanza kwa kubandika vidonge vidogo vya lipu kwenye pembe za ukuta, akavilinganisha kwa timazi na uzi, kisha akajaza mistari kati yake. Mistari hiyo ndiyo reli ya ubao wa kunyooshea. Bila hiyo, mabonde mapya huchukua nafasi ya yale ya zamani. Panapotakiwa unene unaozidi milimita 15, lipu ipigwe kwa matabaka mawili, na la kwanza likwaruzwe ili la pili lishike. Mchanganyiko uliokwisha kuanza kuganda kwenye sinia usifufuliwe kwa maji; utupwe.

Lipu huharibika kwa kukauka upesi. Ukuta umwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na feni zisielekezwe kwake. Familia nyingi huiruka hatua hii kwa kuwa fundi amekwisha kuondoka, na baadaye nyufa huhesabiwa kuwa kosa lake. Rangi isubiri wiki 4 hivi, kwa sababu unyevu na ukali wa saruji mbichi huibadilisha rangi na kuibandua.

Ukaguzi wa mwisho

Kazi ipokelewe kwa vipimo vilevile vilivyoianzisha: tochi ya usiku, ubao wa mita 2 na kifundo cha kidole. Alama za chaki za mwanzo, zikipigwa picha kabla ya kazi, huwa kumbukumbu ya kulinganisha. Kasoro ziandikwe na kurekebishwa kabla ya fungu la mwisho, na zikishaisha, fungu hilo litolewe siku hiyo hiyo.

Familia iliyofuata utaratibu huu itakuwa imetumia nusu saa ya uchunguzi, karatasi moja na siku 7 za ndoo ya maji. Fundi naye ataondoka na fedha yake yote pamoja na ukuta anaoweza kumwonyesha mteja mwingine mwaka ujao, masika yakiwa yamepita.